Nilimpalilia Jenifa

Siku ya tatu Jenifa hajaoga, nikaichukua simu ya kliniki nikamfanyia zoezi lake. Ndipo kosa lilipoanzia, na sitalizungusha.

Jenifa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Evodia. Evodia alifariki mwaka juzi mwezi wa pili, katikati ya palizi, akamwacha huyu mtoto na miaka kumi na minne. Hapa kwetu Hombolo mtu akiugua wakati wa palizi, shamba lake haliachwi limezwe na majani. Wenzake huja alfajiri na majembe, kila mmoja anashika mstari wake, wanakwenda mpaka mwisho wa shamba. Mwenye nyumba akiwa na nguvu atapika togwa. Akiwa hana, hakuna anayeuliza. Uwele wa Evodia ulipaliliwa hivyo. Niliinama kitandani kwake nikamwambia, "Shamba lako ni safi, mwanangu," akafumba macho kwamba amesikia. Kesho yake hakuamka.

Jenifa hakulia msibani. Watu walimsifu, wakasema mtoto ana moyo huyu, kamrithi bibi yake. Nami nikapokea sifa. Alirudi shule, akawa anapika, anafua, anateka maji, na Jumapili anaimba kwaya. Basi mimi nikasema tumevuka.

Mwaka huu, akiwa kidato cha pili, akaanza kupungua. Kwanza kwaya aliacha. Kisha mlenda, chakula ambacho angeweza kugombana na mtu kwa ajili yake, akawa anauchovya mara moja na kunawa. Kisha akaacha kunijibu utani, na hapo ndipo nilipoogopa.

Maana mimi na yeye ni wake wenza. Mjukuu wa kike ni mke wa babu yake, hata kama babu mwenyewe yuko kaburini mwaka wa kumi na moja huu. Nilikuwa nikimwambia asubuhi, "Wewe mke mdogo, ndoo ziko tupu mpaka saa hizi, au mume amekuruhusu ulale?" Naye ananijibu bila kugeuka, "Mke mkubwa amezeeka anaanza wivu. Mume kasema nisimsikilize." Tulicheka hivyo miaka na miaka. Mwezi wa tano nikamtania, akaniangalia kama mtu anayetazama ukuta, akasema, "Sawa, Bibi."

Sawa, Bibi! Afadhali angenitukana.

Akaacha shule. Analala, anageukia ukutani. Jirani yangu Mama Sila, mtu mwema lakini mdomo wake hauna mlango, akasema, "Bibi Jeni, huyo mtoto kachezewa. Au ana mimba." Mimba hakuwa nayo. Tukamwombea kanisani, na maombi siyadharau hata leo, lakini tulirudi naye nyumbani akageukia ukuta uleule.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wake, Mwalimu Elisha, aliyekuja na baiskeli yake mpaka uani. Akasema, "Bibi, shikamoo. Huyu si mvivu wala hajalogwa. Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Unawapata vijana wengi kuliko tunavyojua." Akaniandikia jina la kliniki iliyoko Dodoma mjini. Jumatatu yake tukapanda gari.

Kliniki tulipokelewa na nesi Hamida, mtoto wa Majengo, ushungi wake mweupe umekaa vizuri, sauti yake ya chini. Alikaa na Jenifa peke yao muda mrefu. Kisha akaniita na mimi.

"Bibi," alisema, "mtoto ana sonona. Daktari atamwona, na tutakuwa tunaongea naye. Lakini kuna kitu kingine tunakijaribu kwa vijana wa umri wake, mkikubali. Ni mazoezi ya macho."

"Macho yake mazima, mwanangu. Anaona mpaka ng'ambo ya bwawa."

Akatabasamu. "Najua. Si kuona ninakokusema. Mtu mwenye sonona, ukimwekea uso wa furaha na uso wa huzuni, jicho lake linakwenda kwenye huzuni na kukaa hapohapo. Halitaki kubanduka. Sasa tunajaribu kulifundisha kubanduka."

Akatoa simu ya kupangusa akatuonyesha. Zinatokea picha mbili za sura za watu, moja kulia, moja kushoto. Moja ina huzuni, nyingine imetulia au inacheka. Zinakaa kidogo tu, zinapotea. Mahali pa uso mmoja kinatokea kitone cheupe, na kazi yako ni kukigusa upesi. Karibu mara zote kitone kinatokea pale palipokuwa na uso uliotulia. Kwa hiyo jicho, bila kuambiwa, linajifunza kwenda huko. Simu inahesabu ulichelewa kiasi gani. Ukigusa inalia, ti. Dakika kumi kila asubuhi, wiki sita.

"Na inaponya?" nikauliza.

"Sitakudanganya, Bibi. Bado hatujui. Kuna waliosema inasaidia, kuna waliosema ni kidogo sana. Ndiyo maana tunaita majaribio." Akaendelea, "Ila kuna sharti. Anayekosa siku tano mfululizo tunamwondoa kwenye majaribio."

Hilo neno la kumwondoa lilinikaa. Mengine yote aliyosema baadaye niliyasikia, lakini hilo lilikaa mbele. Akaniambia pia mambo ya kuangalia. "Akianza kusema hana maana, niite. Akianza kugawa vitu vyake anavyovipenda, usingoje kesho, niite. Na usiogope kumuuliza kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumfundishi." Nikaweka jina langu kwenye karatasi, Loisi, herufi moja moja. Niliishia darasa la tatu, lakini jina langu naliandika mwenyewe.

Siku nne za mwanzo Jenifa alifanya. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni, ti, ti, ti, kama ndege anayedonoa bati. Siku ya tano aliiweka simu chini katikati ya zoezi.

"Umemaliza?"

"Sitaki."

"Mbona jana ulifanya vizuri? Macho yanauma?"

"Sitaki tu, Bibi."

Kesho yake hivyo, na keshokutwa yake hivyo. Siku ya nane, ikiwa ni ya tatu hata kuoga hajaoga, nilikaa kwenye kigoda uani, nikaiangalia ile simu, nikahesabu kwa vidole. Zimebaki siku mbili wamwondoe. Mtoto hana nguvu ya kufanya kazi yake. Basi nani atamfanyia? Mimi katika maisha yangu sijaona shamba la mgonjwa likiachwa wakati watu wazima wenye mikono wapo. Nikapangusa kioo kwa upindo wa khanga nikaanza.

Aliyenifundisha kushika jembe angecheka siku ile. Kidole changu kina sugu, simu haikisikii. Nikajifunza kutumia kidole cha pete. Sura zikawa zinakuja na kupotea kabla sijaamua nimeona nini. Walikuwa watu wa kwetu, vijana, waliopigwa picha sijui wapi. Kati yao alikuwepo binti mmoja, upande wa huzuni daima, paji la uso pana, mdomo umeshuka kidogo pembe ya kushoto.

Alipotokea mara ya kwanza, kitone kilikuja upande wa pili, kikakaa, na mimi sikukigusa. Nilikuwa bado naangalia pale alipokuwa.

Alifanana na Evodia. Si sana. Ukimweka Evodia pembeni usingesema ni ndugu. Lakini ule mdomo, ile pembe iliyoshuka, ndivyo alivyokuwa akikaa wiki zile za mwisho, akidhani simwoni. Kila asubuhi yule binti wa kwenye simu alikuwa akinijia mara nane, mara tisa. Na kila alipokuja nilichelewa. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Mtoto mwenyewe ndiye mgonjwa, nikamwongezee?

Nikaendelea. Asubuhi Jenifa akiwa amelala, mimi kigodani na simu. Mama Sila alinikuta siku moja, akashika kiuno.

"Bibi Jeni! Umeanza kucheza gemu uzeeni?"

"Napalilia."

"Unapalilia simu?"

"Nenda kwako wewe, mboga zako zinaungua."

Wiki ya pili nikawa nimeizoea kazi. Wiki ya tatu, na nisiseme uongo, nikaipenda. Jicho langu likawa linaruka lenyewe kwenda kwenye uso unaocheka. Hata yule binti wa paji pana nikawa namwona na kumwacha, namwona na kumwacha, na moyo unaniuma kidogo kwa kumwacha. Mwisho wa zoezi simu inaandika kwa rangi ya kijani: *Hongera, Jenifa!* Nilikuwa nayasoma maneno hayo polepole, nafurahi kama nimevuna.

Na Jenifa? Jenifa alijua simu inashikwa na mimi. Alidhani naichezea tu, au hakudhani kitu. Alikuwa anapita uani kama kivuli, akienda chooni, akirudi. Nilimpikia, hakula. Nilimtania, "Sawa, Bibi." Nilikuwa naona haya yote, lakini nilikuwa nimejipa moyo kwamba dawa inaingia polepole. Ajabu ya mtu. Nilikuwa nakunywa dawa mimi, nangoja apone yeye.

Kila Ijumaa nesi Hamida alikuwa akipiga simu kuongea naye. Jenifa alikuwa akijibu maneno matatu: "Nzuri. Niko sawa. Asante." Ijumaa ile akaomba kuongea na mimi.

"Shikamoo, Bibi. Nina habari njema."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Namba za Jenifa. Unajua, siku ya nane alishuka ghafla, akawa mzito sana, jicho linaganda kwenye huzuni. Tuliogopa. Sasa limeachia kabisa! Daktari amefurahi. Mdomo unaweza kusema niko sawa, lakini namba hazidanganyi. Kwa hiyo tumeona hizi simu za kila wiki tuziache, tutamwona mara moja kwa mwezi."

Nikautazama mlango wa chumba cha Jenifa.

"Bibi? Upo?"

"Nipo."

"Hujafurahi?"

"Nimefurahi," nikasema. Mungu anisamehe. Nilisema nimefurahi.

Siku ya nane ndiyo siku niliyoshika simu mimi. Huo uzito waliouogopa ulikuwa wangu. Nilikaa na hilo jambo Ijumaa yote na Jumamosi yote. Nilijiambia nitasema. Kisha nikajiambia, nikisema watamwondoa, na palizi yote niliyoifanya itakuwa bure. Wiki zimebaki chache, tumalize kwanza. Mtu akitafuta sababu ya kunyamaza haikosi.

Jumapili baada ya ibada Mama Sila akaja. Safari hii alikuja na khanga amejifunga vizuri, kama mtu aliyekuja kwa heshima, kasimama mlangoni.

"Bibi Jeni, nimekuja kushukuru."

"Kushukuru nini tena?"

"Jenifa. Kampa binti yangu viatu vyake vya shule. Vizima kabisa! Na gauni la kwaya. Na kitabu cha nyimbo kile, chenye jina la marehemu ndani. Nikasema hapana, hiki nikamwambie kwanza bibi yake. Lakini mtoto ana roho nzuri, anapona sasa, ee?"

Nilikuwa nimeshika ungo wa karanga. Niliuweka chini.

Nikaingia ndani. Jenifa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa vizuri, nywele amechana. Ile hali yake ya kutulia iliniogopesha kuliko kulala kwake kote. Nikakaa karibu naye, magoti yetu yakagusana.

"Jenifa. Nakuuliza, na sitakugombeza. Unawaza kufa?"

Akalainisha upindo wa gauni lake juu ya goti. Kisha akasema, "Nimechoka kuwepo, Bibi. Sijui kama ndiyo kufa. Nimechoka tu kuwepo."

Nikamshika mkono. Kwa mkono mwingine nikapiga simu. Nesi Hamida alikuwa nyumbani kwao, nilisikia watoto wanacheza. Nilipomaliza kumweleza, wale watoto sikuwasikia tena. Alikuwa ametoka nje.

"Mlete leo hii, Bibi. Usimwache peke yake hata kidogo, hata chooni. Nami nakuja kliniki sasa hivi, daktari wa zamu nampigia."

Mama Sila hakuuliza kitu. Ule mdomo usio na mlango ulifungwa siku hiyo. Alimshika Jenifa upande mmoja, mimi upande mwingine, na tulikwenda hivyo mpaka Dodoma.

Daktari wa zamu alimwona Jenifa kwanza. Alipotoka, nesi Hamida akatuingiza mimi na Jenifa chumba kidogo chenye viti vitatu. Mama Sila akabaki nje kwenye benchi. Nesi alikuwa na karatasi mkononi, anaipindua, anairudisha.

"Sielewi," akasema, na alikuwa anajiambia mwenyewe. "Namba zake ni nzuri. Ni nzuri kuliko za wote. Nimekosea wapi?"

Ningeweza kunyamaza hata hapo. Lakini nilimwangalia huyu binti wa watu, amekuja Jumapili, anatafuta kosa lake kwenye karatasi, na kosa limekaa mbele yake limevaa khanga.

"Hujakosea, nesi. Hizo namba ni zangu."

"Zako vipi, Bibi?"

"Siku saba za mwanzo hesabu ni za Jenifa, na tatu kati ya hizo hakumaliza. Kuanzia siku ya nane nilifanya mimi. Mtoto hakuwa na nguvu. Ulisema mtamwondoa. Kwetu mgonjwa anapaliliwa, nami nikampalilia."

Nesi akaweka karatasi kwenye magoti. Alikuwa na haki ya kunifokea, na uso wake ulianza kwenda huko. Kisha ukarudi.

"Kumwondoa kwenye majaribio si kumwondoa kwenye matibabu, Bibi. Tungemtibu vilevile. Nilipaswa kukueleza vizuri." Akapumua. "Lakini ungeniambia. Wiki tatu! Wiki tatu nilikuwa nakutibu wewe. Nilimwona mtoto anapona, nikataka kumwacha mwezi mzima. Unaelewa nilichotaka kufanya?"

"Naelewa. Ndiyo maana nimesema."

"Umesema umechelewa."

"Nimechelewa," nikakubali.

Ndipo Jenifa alipoinua kichwa. Miezi mingapi, macho yake yalikuwa yanapita juu yangu kama nzi asiyetua. Sasa yakatua.

"Bibi, ulikuwa unafanya kweli? Si kuchezea?"

"Nilikuwa nafanya kweli."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mpaka inaniambia Hongera, Jenifa."

Pumzi ikamtoka puani. Sikuiita kicheko, lakini ilikuwa jirani yake. Kisha akaangalia sakafu, akasema kwa sauti ndogo sana:

"Yule mwenye paji pana ulimwona?"

Nikamgeukia.

"Nilimwona."

"Anayekaa hivi." Akashusha pembe ya mdomo wake mwenyewe, ya kushoto, na mimi nikamwona mwanangu pale, kwenye uso wa mwanawe.

"Nilimwona, mama. Nilichelewa kila alipokuja."

"Kitone kinanitaka nimwache," Jenifa akasema. "Kila akija, nimwache, niangalie wanaocheka. Siku ya tano nikaona siwezi. Nikaona nikimwacha na huko, basi ameachwa na kila mtu. Wewe hata jina lake hulitaji, Bibi. Tangu azikwe hujalitaja."

Ilikuwa kweli. Nilidhani namwepusha. Nilikuwa nasema "marehemu", nasema "mama yako", nasema "yule". Nikafungua kinywa nikasema, "Evodia." Halafu nikasema tena. Mtoto ambaye hakulia msibani akaanguka mapajani mwangu akalia kwa sauti ambayo Mama Sila aliisikia kule kwenye benchi akaingia bila kubisha, akatutazama, akatoka tena akafunga mlango.

Nesi Hamida alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Jioni ile walimbakiza Jenifa, nami nikabaki naye, siku nne. Daktari alimwanzishia dawa, akapanga siku za kuja kuongea, kila wiki, uso kwa uso, si kwa simu. Kwenye majaribio wakatutoa, na namba zetu zote wakazifuta, zake na zangu. Siku ya kuondoka nikamuuliza nesi, "Na mimi je? Maana mwishoni jicho lilikuwa linaruka lenyewe. Nimepona?"

"Hilo sijui, Bibi. Hata kwa watoto bado tunatafuta." Akanitazama. "Lakini hujawahi kuniambia kwamba na wewe ulikuwa na msiba. Ukija na Jenifa, na wewe utakuwa unakaa kidogo tuongee."

Nikasema nitaona. Nimekuwa nakaa.

Sasa ni mwezi wa tisa, zabibu zimeiva. Sisemi Jenifa amepona. Zipo siku anageukia ukuta. Zipo siku anakuja shambani, anakata vishada viwili vitatu, anachoka, anakaa kivulini mwa mizabibu, nami namwacha akae. Shule anakwenda siku tatu kwa wiki, Mwalimu Elisha amekubali. Viatu vilirudi vyenyewe, tulivikuta mlangoni asubuhi vimepigwa kiwi, na kitabu cha nyimbo juu yake kimefungwa kwenye mfuko. Mama Sila hajavitaja mpaka leo. Nami sikujua kwamba anaweza kunyamaza kiasi hicho.

Wiki iliyopita Jenifa mwenyewe aliiomba ile simu kliniki. Nesi akamwambia si lazima, na kwamba ule uso anaweza kuomba uondolewe. Jenifa akafikiri, akasema, "Mwacheni."

Leo asubuhi alikaa na simu kwenye kigoda changu. Mimi nilikaa kwenye mkeka na ungo wa karanga za mbegu, nimempa mgongo. Hatukupatana hivyo, ila nimejifunza kwamba mistari mingine mwenyewe huishika mwenyewe, na ukimwangalia sana mtu anapolima, jembe linampotea.

Ti. Nikabangua karanga. Ti. Ti. Upesi upesi, kama zamani. Mke mkubwa, nikajiambia, kaa kimya, fanya kazi yako.

Kisha ikanyamaza.

Nilijua nani ametokea. Vidole vyangu vikasimama na karanga katikati, nikasikia mgongo wangu wote unataka kugeuka. Sikugeuka. Kuku walipita wakichakura. Mbali bondeni mtu alikuwa anapiga debe kufukuza ndege kwenye zabibu. Jenifa alikaa naye muda mrefu, mrefu kuliko nilivyowahi kukaa naye mimi.

Ti.

"Mke mkubwa," Jenifa akasema nyuma yangu, "hizo karanga unabangua au unazisikiliza?"

Nikabangua mbili tatu kwanza.